Uanze na ipi? Albamu nne za roki na indi za mwaka 2024

Wanaoniuliza kuhusu roki huwa na swali moja tu: nianze na ipi? Historia ya bendi hawana haja nayo, na orodha za albamu mia bora zimeshawachosha. Mtu ana bando la wiki na saa moja ya jioni baada ya kazi. Ameshafungua nyimbo kumi na kuzifunga zote katikati, na sasa anataka atajiwe albamu moja ya kukaa nayo.

Mwaka 2024 ulitupa albamu nzuri nyingi mno, ndiyo maana jibu limekuwa gumu. Hapa nimeweka nne ambazo nimeishi nazo tangu zitoke, nikizisikiliza mwanzo hadi mwisho kwa mpangilio wake. Maoni ni yangu. Nazipenda zote nne, lakini siwezi kumpa kila mtu ile ile, kwa sababu nimeshajaribu na nimeona albamu iliyomliza mmoja ikimpa mwingine usingizi.

Neno moja kuhusu "indi" kwa asiyelizoea. Asili yake ni lebo ndogo huru, zisizo chini ya makampuni makubwa ya muziki. Siku hizi jina limebaki hata kwa bendi zilizokwisha kuhamia kampuni kubwa, na linamaanisha zaidi tabia: kutunga wenyewe, kutokimbilia redio, na kuiona albamu kama kitu kimoja badala ya rundo la nyimbo.

Nne zenyewe

*Songs of a Lost World* ya The Cure ilitoka tarehe 1 Novemba 2024. Bendi hii ya Uingereza ilianzia Crawley, kusini mwa London, miaka ya sabini, na albamu yao iliyotangulia ilikuwa ya 2008. Mashabiki wamengoja miaka 16. Ina nyimbo nane, dakika 49.

*Romance* ya Fontaines D.C. ilitoka tarehe 23 Agosti. Ni vijana watano waliokutana chuoni Dublin, Ayalandi, na zile herufi mbili za mwisho ni kifupi cha Dublin City. Ni albamu yao ya nne: nyimbo 11 ndani ya dakika 37 hivi.

*Only God Was Above Us* ya Vampire Weekend ilizitangulia zote, tarehe 5 Aprili. Ni bendi ya New York iliyozaliwa kati ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, na hii ni albamu yao ya tano. Nyimbo kumi, kama dakika 47.

*Funeral for Justice* ya Mdou Moctar ilitoka tarehe 3 Mei. Moctar ni mpiga gitaa wa Niger, wa kabila la Watuaregi, watu wa jangwa la Sahara, na jina lake ndilo jina la bendi. Nyimbo tisa, mojawapo kipande kifupi cha kuvuta pumzi, na yote haifiki dakika 40.

Nimezipima kwa nini

Kwanza sauti yenyewe: vyombo vimepangwaje, na sikio linashika nini kabla ya maneno. Pili maneno, na hapa nauliza pia asiyefuata Kiingereza vizuri anaambulia nini. Tatu subira, yaani albamu inakudai muda gani kabla haijakufungukia. Nne ni mahali na kifaa, kwa sababu sabufa ya sebuleni na hedifoni za kwenye daladala havitoi albamu moja. Mwisho dosari. Kila moja inayo yake, na ukiijua mapema hutaniambia nilikuficha.

Sauti

The Cure wamejenga kitu kizito kinachokwenda polepole. Ngoma za Jason Cooper zinatua kama hatua za mtu mwenye mzigo, besi ya Simon Gallup inanguruma chini yake, na juu vinanda vimetanda kama ukungu wa asubuhi ya Lushoto. Wimbo wa kwanza, "Alone", unakwenda zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith hajafungua mdomo. Mara ya kwanza nilipouweka, mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa mezani akifanya kazi za shule. Alivumilia kidogo, akanyanyua kichwa.

"Mjomba, huyu haimbi?"

Nikamwambia asubiri. Akaweka penseli chini, akasubiri kweli. Sauti ilipoingia alisikiliza mistari miwili mitatu, akasema, "Kumbe alikuwa analia kwanza." Kisha akarudi kwenye hesabu zake. Sijaweza kuueleza wimbo ule vizuri kuliko hivyo.

Cha ajabu ni sauti ya Smith. Alikuwa na miaka 65 albamu ilipotoka, na koo lake halijachakaa. Ni sauti ile ile ya kijana, nyembamba, yenye kutetemeka kidogo mwishoni mwa mstari, isipokuwa sasa inaimba habari za mzee.

Fontaines D.C. wa albamu tatu za mwanzo walikuwa watu wa gitaa kavu, na Grian Chatten alikuwa akihutubia zaidi ya kuimba. Kwenye *Romance* wamebadilisha mtayarishaji, wakamchukua James Ford, na ni kama nyumba imepakwa rangi upya, mlango hadi dari. Sasa kuna vinanda, kuna fidla nyingi, kuna midundo iliyoazimwa kwa watu wa hip hop. Sikiliza "Starburster". Chatten amesimulia kwamba wimbo huo ulitokana na siku alipobanwa na hofu ya ghafla katika stesheni ya St Pancras, London. Kwenye kiitikio anavuta pumzi kwa nguvu, kwa sauti, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, na pumzi ile imegeuzwa kuwa chombo cha muziki. Ukiisikia kwenye hedifoni kifua chako mwenyewe kinabana. Nyimbo tisa baadaye albamu inafungwa na "Favourite", wimbo wa gitaa jepesi, angavu, unaotembea kama mtu anayerudi nyumbani Ijumaa jioni. Bendi ni moja, albamu ni moja, na bado hukushtuka njiani.

Kuhusu Vampire Weekend nianze na jambo linalotuhusu. Kwenye albamu yao ya kwanza, ya 2008, kuna wimbo unaobeba "Kwassa Kwassa" kwenye jina lake. Ndiyo, kwasa kwasa ya Kongo, ile ambayo Kanda Bongo Man aliitembeza duniani na ambayo wazazi wetu waliicheza kumbini. Gitaa lao la wakati ule, jembamba na la kurukaruka, lilikuwa limejifunza kwa Wakongo. Mtu aliyekulia kwenye sebene alilitambua mara moja, hata kama Ezra Koenig alikuwa akiimba maisha ya wanafunzi wenye nazo wa pwani ya mashariki ya Marekani.

Miaka 16 baadaye gitaa lile limerudi nyuma kidogo. Kinachosikika mbele ni mkwaruzo: ngoma na besi zimerekodiwa kana kwamba spika imepasuka, halafu katikati ya vurugu hiyo piano safi inapita mbio, nyepesi, kama maji kwenye mawe. "Connect" ndio mfano mzuri kuliko yote. Humo wamerudia hata mdundo wa ngoma wa wimbo wao wa zamani "Mansard Roof", na ukiwa unawafahamu tangu 2008 moyo unaruka. Ukiwa huwafahamu hupotezi kitu, ni mdundo mzuri tu.

Halafu Mdou Moctar. Hapa nitakaa kidogo.

Alitaka gitaa akiwa kijana katika familia ya dini isiyoupenda muziki wa namna ile, akajitengenezea lake, nyuzi zikiwa waya za breki za baiskeli. Anapiga kwa mkono wa kushoto. Mikono yake yote miwili hukutana kwenye shingo ya gitaa, na noti zinamwagika kwa kasi ambayo mara ya kwanza huamini kuwa ni mtu mmoja. Lakini chini ya kasi ile kuna mwendo wa ngamia, ule mdundo wa kuyumba wa muziki wa jangwani, na hapo ndipo albamu inapokaa.

Hili nililifundishwa na jirani yangu, mzee aliyewahi kupiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi. Nilimkuta barazani nikampa simu.

"Shikamoo mzee. Hebu mtazame huyu."

"Marahaba. Ana shoto huyu." Akasogeza simu karibu na miwani. Alitazama dakika nzima bila neno, kidole kikigonga goti. "Solo anaipiga, sina neno. Ila mwenye kazi ni yule wa pembeni. Angalia mkono wake, hauchoki na hauna haraka. Huyo akisita kidogo tu, mwenzake anaanguka."

Wa pembeni ni Ahmoudou Madassane, mpiga rithimu. Tangu siku ile, wimbo wa kwanza unapofumuka, naliacha solo lipite na kushika kile kinachorudiwa chini yake. Ukifanya hivyo, kelele inakuwa na sakafu, na unaweza kusimama juu yake. Solo nalo linakuwa tamu zaidi, maana sasa unajua linaruka kutoka wapi.

Maneno

The Cure wana Kiingereza chepesi kuliko wote. Maneno ni ya kila siku na yanarudiwa, na jambo lenyewe linamfika kila mtu: kuzeeka, na kufiwa. "I Can Never Say Goodbye" ni wimbo wa Smith kwa kaka yake Richard aliyefariki. Piano ina noti chache zinazozunguka, mvua na radi kwa mbali, na mtu anashindwa kuaga. Niliusikiliza mwaka wa msiba nyumbani kwetu na sikuhitaji kamusi. Nyimbo zote nane ametunga yeye peke yake, jambo ambalo hakulifanya tangu albamu ya 1985, na inasikika: hakuna mstari ulioletwa na kamati.

Fontaines D.C. ni watu wa mafumbo. Wimbo mmoja umechukua jina lake, "Horseness Is the Whatness", kwenye *Ulysses* ya James Joyce, Mdublin mwenzao. Usihofu. Mashairi yao yanakwenda kama mtu anayeota, picha juu ya picha, na sidhani wanategemea ushike kila moja. "In the Modern World" unaeleweka kwa huzuni ya fidla kabla hujajua anasema kwamba katika dunia ya leo hahisi chochote.

Vampire Weekend ndio wanaodai zaidi. Karibu kila wimbo una mlango wa nyuma unaofunguka kwenye jambo la New York. "Mary Boone" ni jina la mwanamke aliyekuwa na jumba maarufu la kuuzia sanaa mjini humo. Jina la albamu lenyewe ni kichwa cha habari: picha ya jaladani, iliyopigwa na Steven Siegel mwaka 1988 kwenye makaburi ya mabehewa huko New Jersey, inaonyesha mtu ndani ya behewa lililolala ubavu akisoma gazeti. Gazeti limebeba maneno ya manusura wa ndege ya Aloha Airlines ambayo paa lake lilichomoka angani mwaka huo: juu yetu alikuwapo Mungu tu. Ukiishajua hilo, albamu inabadilika. Unagundua Koenig anaimba kuhusu watu waliorithi jiji na makosa yake, wanaotafuta namna ya kuishi na kitu wasichokivunja wao. "Classical" unasema wazi kwamba ukatili wa jana, ukikaa muda wa kutosha, huja kuitwa utamaduni. Na wimbo wa mwisho, "Hope", wa karibu dakika nane, unaorodhesha kushindwa baada ya kushindwa, na kila mara unarudi kwenye ombi lile lile, kwamba uliachilie likupite. Kwangu ndio maneno bora katika albamu hizi nne. Lakini nilihitaji mwezi kuyafikia.

Mdou Moctar anaimba kwa Kitamasheki, lugha ya Watuaregi, kwa hiyo wewe na mimi na Mmarekani tumekaa benchi moja. Hakuna aliyetangulia. Mada zake zinajulikana: wimbo unaobeba jina la albamu unawasema viongozi wa Afrika, "Oh France" unamgeukia mkoloni wa zamani, "Modern Slaves" unafunga kwa huzuni ya wanaofanyishwa kazi bila haki. Unaonigusa zaidi ni "Imouhar", unaowataka Watuaregi wasiiache lugha yao ife. Wengi wetu tuna bibi kijijini ambaye akiongea na wajukuu inabidi mtu akae katikati kutafsiri, maana watoto wamekulia mjini na Kiswahili tu. Kiswahili chetu hakitetereki, lakini lugha za mabibi zinatetereka, na mtu wa Niger ameliimba jambo hilo kwa gitaa la umeme.

Subira

*Romance* haitaki subira. Mara ya kwanza tu utakuwa na nyimbo tatu za kurudia.

*Funeral for Justice* inakukamata sekunde ya kwanza au haikukamati kabisa. Ikikukamata, inazidi kukua kadri sikio linavyotofautisha wimbo na wimbo.

The Cure wanataka muda kwa maana ya saa. "Endsong" unazidi dakika kumi, na zaidi ya sita kati yake hazina sauti ya mtu. Huwezi kuisikiliza ukiwa unajibu ujumbe. Ila ukiipa dakika zake 49 mfululizo, itakulipa siku hiyo hiyo.

Vampire Weekend wanataka muda kwa maana ya kurudia. Mara ya kwanza niliona albamu yenye vitu vingi mno. Mara ya tano nilianza kuona vyumba. Nisingemshauri mtu aihukumu kabla ya mara ya tatu.

Mahali na kifaa

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kisha lawama anapewa mwanamuziki. The Cure kwenye spika ndogo ya simu wanabaki ukungu mtupu, kwa sababu besi ndiyo inayobeba nyumba na spika ile haina besi. Sabufa nzuri, taa zimezimwa, usiku: hapo ndipo mahali pake. Fontaines D.C. ni watu wa mwendo. Nimewasikiliza mara nyingi ndani ya daladala kutoka Mbagala, kwenye hedifoni za bei ya kawaida, na wakaushinda mlango, konda na honi.

Vampire Weekend wasikilize kwa hedifoni nzuri kama unazo. Mengi yamefichwa pembeni: noti ya piano upande wa kulia, kwaya iliyozikwa nyuma ya ngoma. Kwenye sabufa iliyopandishwa besi, ule mkwaruzo waliouweka kwa makusudi unasikika kama chombo kibovu, na utapoteza jioni ukichokonoa waya.

Mdou Moctar anafaa kokote ilimradi pawe na nafasi ya sauti kupanda. Na kwake kuna jambo ambalo mtu wa kwetu analielewa kuliko mtu wa Ulaya. Nyimbo zake za kwanza, za mwaka 2008, zilisambaa Afrika Magharibi kwa memori kadi za simu, mtu akimrushia mwenzake. Nasi tumepita huko, enzi za kwenda kibandani na kuingiziwa nyimbo mia kwenye kadi moja, ukipewa na zile usizoziomba. Muziki wake ulikulia kwenye spika hafifu, kwa hiyo hauziogopi.

Jambo moja kwa zote nne: zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo kwenye programu yako. "Favourite" ukija kabla ya "Starburster" haumponyi mtu, kwa kuwa hakuna aliyekwisha kuumia.

Dosari

The Cure wana hali moja ya moyo kwa dakika 49. Ukiingia ukiwa na furaha, utahisi umekosea mlango. "Warsong" na "Drone:Nodrone", katikati ya albamu, zimejaa gitaa hadi sauti ya Smith inazama, na mara kadhaa nimetamani mtu apunguze kitu kimoja.

Waliowapenda Fontaines D.C. kwa hasira na udongo wa Dublin wa albamu ya kwanza, *Dogrel* ya 2019, watalalamika kwamba hapa wamevaa nguo za sherehe. Malalamiko hayo nayaelewa. Mimi nauona ukuaji, lakini nakubali kwamba sehemu ya pili ya albamu ina nyimbo mbili zinazopita bila kuacha alama.

Vampire Weekend wanaweza kukufanya uhisi umekaa kwenye mazungumzo ya watu waliosoma shule moja. Hata ukijua nani ni nani, kuna baridi fulani, na joto halifiki mpaka "Hope". Mkwaruzo nao unachosha sikio ukizidisha.

Mdou Moctar ana rangi moja kali. Mtu asiyezoea atasema nyimbo zinafanana, na kwa wiki ya kwanza atakuwa na haki. Gitaa lake likiwa juu kwenye chumba kidogo cha bati linachoma.

Kulingana na hali yako

Kama umefiwa, au unamuuguza mzazi, au umefika umri wa kuwahesabu waliotangulia, chukua The Cure. Usiiweke asubuhi kabla ya kazi. Iache hadi usiku ambao hakuna atakayekuita.

Kama hujawahi kabisa kukaa na albamu ya roki na unaogopa utachoka njiani, *Romance* ni fupi, ina nyimbo za namna nyingi, na ina viitikio utakavyoviimba bila kujua umevijifunza lini. Inamfaa pia mwanafunzi, na mtu wa safari fupi za kila siku. Ukishaimaliza na kutaka ukali zaidi, rudi nyuma kwenye *Dogrel*.

Kama wewe ni msomaji, mtu wa kusoma tanbihi na kutafuta jina usilolijua, Vampire Weekend watakupa kazi ya miezi. Kama ulicheza kwasa kwasa na unataka kujua vijana wa New York walilifanyia nini gitaa lile, usianze hapa. Anza na albamu ya 2008, halafu ruka hadi hii, usikie umbali waliotembea.

Kama unapiga gitaa, hata kama ni lile la kanisani lenye nyuzi tano zilizobaki, chukua *Funeral for Justice* bila kuuliza zaidi. Chukua hiyo hiyo kama Kiingereza kinakuchosha na unataka siku moja kila mtu chumbani asielewe maneno kwa usawa. Wapenzi wa dansi na sebene nao naona watafika upesi, kwa sababu wameshazoea kuyaacha magitaa yaongee dakika tano bila mwimbaji.

Kama bando linatosha nyimbo nne tu kabla ya kuamua, pakua hizi: "I Can Never Say Goodbye", "Starburster", "Capricorn" ya Vampire Weekend, na "Imouhar". Sikuchagua "Hope" wala "Endsong" kwa makusudi. Hizo ni za mwisho kwenye albamu zake, na zinahitaji ufike ukiwa umetembea.

Na kama Moctar amekuzidi kelele lakini gitaa lenyewe limekuvuta, kuna njia nyingine ya kuingilia. Mapinduzi ya Niger ya Julai 2023 yaliikuta bendi ikiwa ziarani Marekani, wakashindwa kurudi nyumbani. Baadaye walizirekodi upya nyimbo hizo hizo kwa magitaa yasiyo ya umeme, polepole, kama watu waliokaa chini kuzunguka birika la chai, na toleo hilo likatoka Februari 2025 kwa jina la *Tears of Injustice*. Hilo unaweza kuliweka hata mtoto akiwa amelala.